Kinda la Nyoka na Mlo Wake wa Kwanza

Ndugu zangu, wazazi kwa vijana, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie nyoka wa mahindi, yule mwenye mabaka ya rangi ya chungwa ambaye watoto wetu hapa Marekani humwona kwenye maduka ya wanyama, kisha wakirudi nyumbani hakulaliki. Najua wengi wetu tumelelewa kwamba nyoka akiingia ndani, kinachofuata ni fimbo. Huyu hana sumu. Ni mwenyeji wa kusini-mashariki mwa nchi hii. Lakini ulizeni kwanza sheria ya jimbo lenu: Georgia, ambako yuko porini, hairuhusiwi kumfuga, na Hawaii haitaki nyoka wa kufugwa wa aina yoyote.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mbona hali?" Nalo ndilo nililokuja kulijibu. Kinda akikataa chakula, mara nyingi si mgonjwa wala si mkaidi. Ana hofu, au ana baridi. Ukimwondolea hayo mawili, tumbo lake litajisemea lenyewe.

Tuanzie kwenye yai. Mayai hukaa kama siku 60 kwenye joto la nyuzi 28 hivi za Selsiasi. Kinda hupasua ganda kwa kijino kilicho kwenye ncha ya mdomo, kisha hutoa kichwa na kutulia hapo, pengine siku nzima au zaidi, akimalizia kufyonza kiini. Msimvute, hata mkiona anachelewa. Akitoka ana urefu wa sentimita 25 hivi, mwembamba kama penseli, na uzito wa gramu chache tu. Kile kiini kilichobaki tumboni ndicho akiba yake. Baada ya wiki moja hivi hujivua gamba kwa mara ya kwanza, na kabla ya hapo hana haja ya kulishwa.

Sasa makazi. Wazazi wenye mapenzi hununua tangi kubwa la kioo lenye taa kali, na hapo ndipo shida huanzia. Porini kinda huyu huliwa na ndege, na nyoka wengine, na karibu kila mwenye mdomo. Uwanja mpana ulio wazi kwake ni mahali pa kufia. Mpeni boksi dogo la plastiki lenye matundu ya hewa na mfuniko unaobana, maji safi, na maficho mawili ya kumtosha kwa kubana: moja upande wa joto, nyuzi 29 hadi 31, jingine upande wa ubaridi, nyuzi 23 au 24. Mkeka wa joto lazima uwe na themostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, maana bila hiyo unaweza kumuunguza. Mtandikieni maranda ya mti wa aspen. Ya mwerezi hapana, mafuta yake yanamdhuru.

Joto nalisisitiza kwa sababu mwili wa nyoka hautengenezi joto lake wenyewe, hulipata kutoka nje. Akimeza panya akiwa baridini, nyama huoza tumboni kabla haijasagika, naye huitapika. Akitapika, mwacheni siku 10 hadi 14, kisha mpeni kitu kidogo zaidi.

Akifika nyumbani, wiki nzima asiguswe. Mtoto abadilishe maji, basi. Akitikisa mkia na kurusha kichwa kama anayetaka kuuma, huo ni woga wa kiumbe mdogo sana, si ukali.

Mlo wa kwanza ni kitoto cha panya aliyezaliwa karibuni, bado mwekundu, hana manyoya. Huuzwa wakiwa wamegandishwa. Kiyeyusheni kwenye friji, kisha mkitie kwenye mfuko na kukipasha katika maji ya moto. Maikrowevu msiiguse. Kikausheni, mkiweke mlangoni pa maficho jioni, zimeni taa, ondokeni. Wanaobahatika kuchungulia huona ulimi ukitoka na kuingia upesi upesi, ukinusa. Halafu ulimi unasita, shingo inajikunja, na taya zinaanza kutembea juu ya kile kichwa, kushoto, kulia, kushoto.

Asubuhi mkikikuta hakijaguswa, kitupeni na msirudie kesho. Ngojeni siku 5 hadi 7. Kisha mwekeni usiku kucha, yeye na kitoto cha panya, kwenye kikopo kidogo chenye matundu, ndani ya boksi lake lenye joto. Akikataa tena, kumbukeni kwamba porini makinda haya hula mijusi na vyura wa mitini. Harufu ya panya kwao ni ngeni. Osheni kitoto cha panya kwa maji matupu, mkisugue kwa gamba lililovuliwa na mjusi. Wengine hukipasua kidogo kichwani ili harufu ya ubongo itoke. Haipendezi, ila huwa inafaa. Kumlisha kwa nguvu mwachieni daktari wa mifugo anayejua reptilia.

Nunueni mzani unaosoma gramu. Kinda mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, mradi uzito haushuki. Ukishuka mfululizo, mpelekeni kwa daktari.

Akishakula mara tatu mfululizo bila kutapika, anzeni kumshika dakika chache, na kamwe si ndani ya saa 48 baada ya mlo. Osheni mikono kwa sabuni kila mara kwa ajili ya salmonela, bakteria wanaoharisha, na watoto walio chini ya miaka 5 wasimguse kabisa. Karibuni maswali.