Anza na Gurudumu la Mbele

Mabibi na mabwana, hamjambo. Asanteni kwa kuja, hasa nyinyi mliotoka Manyatta na Nyalenda kwa baiskeli na mvua hii ya jioni. Nimewatazama mkiingia. Wapo walioshika viatu mkononi, na wapo wenye ule mstari wa kahawia mgongoni, kuanzia kiunoni hadi kwenye kola. Ni kwa ajili yenu nimeomba tuzungumze juu ya madigadi, vile vifuniko vya juu ya magurudumu vinavyozuia matope.

Mimi ni mwalimu. Kila asubuhi natoka Nyamasaria kwa baiskeli kuja mjini, na jioni narudi. Mnaijua mvua ya Kisumu: mchana jua kali, saa kumi wingu linajikusanya, na saa ya kufunga kazi inamwagika. Kwa hiyo anayerudi nyumbani kwa baiskeli hulowa mara mbili, na maji ya juu na ya chini. Ya juu tumwachie Mungu na koti la mvua. Ya chini tunaweza kuyazuia kwa gharama ndogo, ila wengi wetu tunaanzia mahali pasipofaa.

Mtu akiamua kununua madigadi, hununua ya nyuma. Namwelewa, maana mstari wa mgongoni ndio watu huona na kuucheka. Mimi nawaambia anzeni na gurudumu la mbele.

Fikirini tairi linavyozunguka. Pale linapogusa lami halisogei, limetulia. Juu kabisa linakwenda mbio mara mbili ya baiskeli yenyewe: ukiendesha kilomita 15 kwa saa, sehemu ile ya juu inakwenda 30. Maji yaliyonata kwenye tairi hurushwa kwa mwendo huo. Ya juu hurukia mbele, upepo huyapunguza kasi, nawe unayafikia na kuyapokea usoni. Yanayotoka upande wa nyuma wa gurudumu hilo hilo hupiga miguu yako, pedali na cheni. Na siyo maji matupu, yana mchanga ndani. Kesho asubuhi kabla hujapanda, zungusha pedali kwa mkono na utege sikio. Ukisikia mkwaruzo kama wa mtu anayetafuna ugali wenye changarawe, huo ni mchanga wa gurudumu la mbele unakula cheni yako, na cheni ikiisha huondoka na friwili, yale meno ya gurudumu la nyuma.

Nyuma, kinyume chake, pana suluhisho la bure. Ukiwa na keria, funga ubao juu yake, upana wa kiganja kimoja na nusu. Mgongo wako umepona. Wazee wetu wa boda boda za baiskeli, kazi iliyoanzia kule mpakani Busia miaka ya 1960, walifunga kiti cha sponji juu ya keria kwa ajili ya abiria, na kiti kile kilizuia matope pia. Basi pesa yako ndogo ipeleke mbele.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wenye Mamba, ile baiskeli nyeusi ya inchi 28, kwenu kazi ni nyepesi. Ilitengenezwa na madigadi zake za chuma, nafasi kati ya tairi na fremu ni kubwa, na matundu ya kufungia yapo. Kama zako zimeoza, tafuta nyingine za aina hiyo hiyo pale soko la Kibuye, hata zilizotumika, uzinyooshe.

Taabu iko kwa wenye baiskeli za mitumba, hasa zile za milimani za inchi 26. Nyingi huja bila madigadi, na zenye foki ya springi, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, mara nyingi hazina hata tundu la bolti. Kabla hujatoka nyumbani soma ubavu wa tairi. Ukiona 26 x 1.95, namba ya pili ni upana kwa inchi, yaani karibu milimita 50. Madigadi ipite upana huo kwa milimita kama 5 kila upande, kwa hiyo tafuta ya 60. Nyembamba kuliko hapo, maji yatapita pembeni. Wenye tairi za 700C na wenye za inchi 29 msihangaishwe na majina. Rimu ni moja, kipenyo chake milimita 622, kinachotofautiana ni unene wa tairi.

Kisha chungulia pembeni ya ekseli kwenye foki. Kuna tundu dogo lenye nyuzi? Kama lipo, nunua madigadi ndefu ya plastiki yenye waya za kushikilia. Nyingi hutumia bolti ya milimita 5, na spana namba 8 inatosha. Kama halipo, kuna madigadi fupi za kufunga kwa mkanda, dakika tano umemaliza. Ile ya nyuma, inayochomoza chini ya kiti kama mkia wa jogoo, inasaidia mgongo lakini hucheza kushoto na kulia. Ya mbele hufungwa kwenye bomba la chini la fremu, na hiyo naipenda zaidi. Haizuii yote, miguu bado italowa kiasi, lakini uso na kifua vitapona, na cheni itapunguziwa mzigo.

Mama mmoja hapa mbele ameniuliza swali kabla hatujaanza, na ni swali zito. Anakaa upande wa Ahero, na anasema madigadi zimemwangusha mara mbili. Mama, tatizo ni ule udongo mweusi wa Kano. Ukilowa unanata kama gundi, unapanda na tairi, unashindiliwa ndani ya madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Kwenye lami, nafasi ya kidole kimoja kati ya tairi na madigadi inatosha. Kwenye udongo ule acha vidole viwili, na kama fremu haina nafasi hiyo, usifunge madigadi ndefu. Funga ile ya bomba la chini, isiyolikaribia tairi.

Hata kwenye lami kuna hatari moja. Mwaka mmoja nilikuwa barabara ya Kibos, nyuma ya trekta la miwa, nalo linadondosha vipande njiani. Kimoja, kirefu kama kalamu, kilinaswa na tairi langu la mbele kikaingia kati ya tairi na waya za madigadi. Gurudumu lilisimama papo hapo. Mimi sikusimama. Nilipita juu ya usukani na kutua kwa kiwiko, na kiwiko hiki mpaka leo hakinyooki sawasawa. Fundi alinionyesha kosa lilikuwa wapi: nilifunga madigadi nafasi ikiwa pana chini, pale tairi linapoingilia, na ikabana juu. Kitu kikiingia hakina pa kutokea. Ifungwe kinyume, nafasi iwe ndogo chini na iongezeke kadiri inavyopanda na kwenda mbele. Nawaomba mlikumbuke hilo, hata mkiyasahau mengine yote.

Bolti nazo zina mambo yake. Mashimo ya barabara zetu hulegeza nati, basi weka washa ya springi, au paka rangi ya kucha kwenye nyuzi kabla ya kukaza. Upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, bolti isichomoze kwa ndani, itagusa cheni. Ukifunga kwa klempu kwenye foki, zungushia kwanza kipande cha tyubu kuukuu, rangi isichubuke na klempu isiteleze.

Na hapa mkononi nina kitu ambacho hakikunigharimu chochote. Ni ubavu wa jerikeni ya mafuta ya kupikia. Nimeukata kama ulimi, juu mwembamba, chini mpana, nikatoboa matundu mawili kwa msumari wa moto. Huu unafungwa kwenye ncha ya chini ya madigadi ya mbele, ushuke mpaka ubakize kiganja kimoja kufika ardhini. Madigadi nyingi za dukani zinaishia juu mno, na maji yanayolowesha viatu hupita hapo chini yake. Tangu niufunge naingia darasani na soksi kavu. Ukigonga jiwe unapinda tu na kurudi.

Ulimi kama huo fungeni na nyuma pia, kwa ajili ya yule anayewafuata, maana matope yenu ndiyo uso wake.

Naona mvua imepungua. Nimekuja na spana namba 8 mbili, jerikeni tatu na mkasi wa bati. Walio na baiskeli hapo nje, zisogezeni barazani, tuanze na ya mama wa Ahero.