Msitu Ulisimama Vipi?
(Mhadhara uliotolewa Konde, Pemba)

Assalaam alaykum. Masheha, wazee wangu, walimu na wanafunzi, ahsanteni kwa kuja.

Kila masika tunaulizana: mwaka huu tumepanda miche mingapi? Leo naomba tuulizane jambo jengine. Msitu tunaotaka kuurudisha ulisimama vipi? Miti yake ilikaa mbalimbali au ilibanana? Mikongwe ilikuwa mingapi, na michanga mingapi? Wapi palikuwa na uwazi? Tusipoyajua hayo tutakuwa tunapanda miti tu, na hesabu ya miche haitatusaidia.

Nitaanza mbali, jimbo la Arizona huko Marekani, kwa sababu msitu wa huko umejiwekea kumbukumbu wenyewe. Kuna misonobari mikubwa inayoitwa ponderosa. Kila mwaka mti huongeza pete moja ndani ya shina. Moto wa nyasi ukipita chini huunguza ubavu mmoja, lakini mti mkubwa haufi. Hulifunika kovu kwa utomvu, ukaendelea kukua. Mtaalamu akichukua kipande cha shina huhesabu pete mpaka kwenye kovu, na mwaka wa moto ule anaujua. Makovu yanaonyesha kuwa kabla ya miaka ya 1880 moto mdogo ulipita mara kwa mara, pengine kila baada ya miaka michache. Uliondoa majani makavu na miche mingi, ukaiacha mikubwa yenye gome nene. Msitu ule ulikuwa na nafasi: miti imekaa vikundi vikundi, na baina yake nyasi.

Reli ikafika mji wa Flagstaff, huko huko Arizona, mwaka 1882, mifugo ikaongezeka. Kondoo na ng'ombe wakazila nyasi ambazo ndizo zilizokuwa zikiusambaza moto. Baadaye serikali ikaamua kila moto uzimwe. Mwaka 1919 mbegu zikaota kwa wingi mno, na safari hiyo hapakuwa na moto wa kuipunguza miche. Pahala palipokuwa na makumi ya miti kwa hekta pakawa na mamia, pengine maelfu, myembamba, inagombania maji. Moto ukiingia humo sasa hupanda mpaka vileleni na kuua hata mikongwe. Ule wa Rodeo-Chediski, mwaka 2002, uliteketeza zaidi ya hekta 180,000.

Waliowaokoa watafiti wa leo ni watu wa zamani waliopima. Fort Valley, kituo cha utafiti kilichoanzishwa 1908 karibu na Flagstaff, walitenga viwanja na kuchora ramani ya kila mti uliposimama. Ramani hizo, pamoja na visiki vya kale ambavyo havikuoza upesi kwa ukavu wa nchi ile, zikaonyesha umbo la msitu wa awali. Kwa hiyo huko kurudisha msitu mara nyingi ni kukata: miti myembamba inapunguzwa, mikongwe inaachwa, kisha moto mdogo unarudishwa kwa uangalizi. Neno hilo ni zito kwa sisi tunaopigania miti. Mimi nalikubali, maana ushahidi umo ndani ya mti.

Tusije lakini tukauleta moto wa Arizona kwenye maweni yetu. Udongo wa maweni ni tabaka jembamba juu ya jiwe; ukiungua, hasara tupu. Tunachochukua ni namna ya kuuliza. Na hapo tuna kazi, kwa kuwa sisi tuna masika na vuli, na miti yetu mingi haina pete za mwaka zilizo wazi. Lazima tusome kwengine.

Tusome Ngezi, hapa jirani. Mikarafuu ilipoenea Pemba karne ya 19, misitu mingi ilifyekwa, Ngezi umebakia. Ingieni mtazame mijoho mirefu juu, mipapindi chini yake, mti ambao duniani kwa asili unaota Pemba tu, na mianya ambapo mti umeanguka na mche umepata jua. Lakini hata Ngezi palikatwa mbao, basi tusiuchukulie kama haujaguswa. Msitu wa Jozani, Unguja, nako, sehemu ya mitondoo anayoistaajabia mgeni ilipandwa na watu. Na ukirudi nyuma sana, pango la Kuumbi huko Unguja limetoa mifupa ya punda milia na nyati, wa zama ambazo kisiwa kilikuwa kimeungana na bara. Hatuwezi kurudisha zama hizo. Kwa hiyo historia inatupa mipaka ya kuchagulia, na uchaguzi unabaki kuwa wetu.

Mikoko ndiyo inayoniuma zaidi. Msitu wake una miti ya aina mbalimbali. Mlilana hukaa mbele, panapopigwa na bahari. Mkoko wenyewe hufuata nyuma yake. Mkandaa na mchu huwa na pahala pao. Tukichomeka aina hiyo moja ya mkoko tu kwa safu, kwenye tope ambalo halijapata kuwa na msitu, maji huichukua, na tunaweza kuharibu majani ya baharini wanapolelewa samaki.

Ombi langu: kabla ya kitalu, wazee waulizwe na picha za zamani za angani zitafutwe. Na tutenge Ngezi kiwanja cha nusu hekta, kila mti upewe namba na kuandikwa jina, unene na pahala uliposimama. Tunahitaji kamba, rangi na daftari. Waliokuwa tayari wabaki baada ya sala ya alasiri tugawane kazi.