Presha ya Paka Kwanza, Vidonge Baadaye

Ndugu zangu wenye paka wagonjwa wa figo, kila siku mnaniuliza, "Daktari, dawa ya figo ni ipi?" Swali hilo tuliweke kando. Kidonge cha kufufua figo za paka hakipo. Sehemu iliyokufa imekufa. Dawa tulizo nazo hupunguza madhara, kila moja na kazi yake. Ndiyo maana kila mkija nauliza: presha imepimwa? Na kila siku najibiwa, "Kwani paka ana presha?"

Anayo! Figo zikichoka presha hupanda, na paka hasemi kwamba kichwa kinamuuma. Mtu anamleta kwa sababu ameanza kugonga miguu ya meza. Namtazama: mboni zimetanuka, namulika tochi, hazisinyai. Retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka. Mara nyingi kuona hakurudi tena. Inaniuma sana, kwa sababu kupima ni kazi ndogo: mkanda mwembamba kwenye mguu wa mbele au mkia, baada ya kumwacha atulie, maana hofu peke yake hupandisha presha. Tunapima mara kadhaa na kuchukua wastani. Namba ya juu ya presha ikiendelea kuwa 160 au zaidi, tunaanza tiba, aghalabu kwa amlodipini, ileile wanayomeza wazee wetu.

Najua kuna anayewaza, "Basi nitamkatia ya babu." Hapana! Kidonge cha babu mara nyingi ni miligramu 5. Paka wa kilo 4 kwa kawaida huanza na 0.625, yaani thumuni ya kidonge hicho. Ukikikata kwa kisu cha jikoni, leo atapata unga, kesho kipande kikubwa, presha ianguke na figo zikose damu. Dozi aipange daktari aliyempima.

Haraka sasa, dawa nyingine. Protini ikivuja kwenye mkojo, kuna telmisartani au benazeprili, lakini paka aliyeishiwa maji mwilini arudishiwe maji kwanza. Dawa ya kunasa fosforasi, madini ya chakula ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa, ichanganywe na chakula, kwa kuwa hufanya kazi humohumo tumboni. Akipewa bila chakula, imepotea bure. Kichefuchefu kina maropitanti.

Parasetamoli asipewe kamwe, hata robo. Ini la paka haliwezi kuivunja. Damu hushindwa kubeba oksijeni, ufizi hugeuka kahawia, naye anaweza kufa.

Maji ya kuchoma chini ya ngozi sitayafikia leo. Wenye paka waliovuka miaka 10, mkienda kwa daktari ombeni kipimo cha presha, cha mkojo na cha kreatinini, taka ya kwenye damu inayoonyesha figo zinavyochuja, vyote siku hiyohiyo.