Neno Moja kwenye Karatasi ya Kura: Pauni na Siasa za Uingereza baada ya Juni 2016

Shikamooni wazee wangu mliokaa huku mbele. Habari zenu vijana. Asanteni kwa kuja.

Nianze na jambo ambalo watu wengi nikiwaambia hushangaa. Tarehe 23 Juni 2016 nilipiga kura ya kuamua kama Uingereza ibaki ndani ya Umoja wa Ulaya au itoke, na mfukoni nilikuwa na pasipoti ya Tanzania. Sheria ya kura ile iliwaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali. Mkenya, Mganda, Mtanzania, ilimradi umejiandikisha, unapiga. Jirani yangu Mfaransa, aliyekuwa amekaa London miaka mingi kunipita, hakuruhusiwa, na maisha yake ndiyo yaliyokuwa yanaamuliwa.

Mvua ilinyesha siku ile London, mvua ya masika hasa, mitaa mingine ikafurika. Niliingia kituoni nimelowa, nikapewa karatasi, nikaenda kwenye kibanda chenye penseli iliyofungwa kwa uzi. Karatasi ilikuwa na swali moja na visanduku viwili. Cha juu, kubaki. Cha chini, kutoka. Niliweka alama kwenye cha juu. Lakini nilisimama pale muda kidogo nikikitazama kile cha chini. Kutoka katika Umoja wa Ulaya, basi, imeishia hapo. Kutoka na kubaki ndani ya soko la pamoja kama Norway? Kutoka na kubaki kwenye umoja wa forodha kama Uturuki? Kutoka kabisa na kufunga mlango? Mpaka na Ireland utakuwaje? Hakuna.

Hilo ndilo lililonileta mbele yenu leo. Nimeisoma habari hii kwa miaka, na kila nikiirudia naona kwamba pauni ilianguka, na siasa za nchi ile zikavurugika, kwa sababu ya yale yasiyoandikwa kwenye karatasi ile.

Tuanze na usiku wenyewe. Vituo vilifungwa saa nne usiku. Wafanyabiashara wa fedha waliamini kubaki kutashinda, wakanunua pauni hadi ikafika dola 1.50. Nilikuwa nimekaa sebuleni, televisheni mbele yangu, simu mkononi nikifuatilia bei. Muda mfupi baada ya saa sita yakatangazwa matokeo ya Sunderland, mji wa viwanda kaskazini mashariki: asilimia 61 wametaka kutoka. Mji mmoja tu, lakini ule mstari kwenye simu ulishuka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Ndani ya dakika chache tulikuwa karibu na 1.43. Kulipokaribia kupambazuka ikawa takriban 1.32, chini kuliko wakati wowote tangu 1985. Hesabu ya mwisho ilikuwa asilimia 51.9 kwa 48.1, watu milioni 17.4 dhidi ya milioni 16.1.

Sasa niwaulize: kiwanda gani kilifungwa usiku ule? Meli gani ilizuiwa bandarini? Hakuna hata moja. Uingereza ilikuwa bado mwanachama kamili, na ingeendelea kuwa mwanachama kwa zaidi ya miaka mitatu na nusu. Kilichoshuka ni nini basi?

Hapa naomba mnivumilie kidogo, maana ndipo penye kiini. Bei ya sarafu ni makisio ya watu juu ya kesho ya nchi. Na Uingereza ilikuwa na udhaifu wake wa zamani: kwa miaka fedha zilizotoka kwenda nje zilikuwa nyingi kuliko zilizoingia, na mwaka 2015 nakisi hiyo ilikuwa karibu asilimia 5 ya pato la taifa. Pengo hilo lazima mtu alizibe, na waliokuwa wakiliziba ni wageni: wanaonunua majengo ya London, hatifungani za serikali, hisa za kampuni. Mark Carney, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya Uingereza, alikwishaonya mapema mwaka ule kwamba nchi inategemea wema wa watu baki. Mtu baki anayekuletea fedha zake huuliza swali moja tu: mwakani utakuwa na mkataba gani na majirani zako? Alfajiri ile ya tarehe 24 Juni hakuna Mwingereza aliyeweza kumjibu, hata wale waliokuwa wameshinda. Basi akataka punguzo. Lile punguzo ndilo kushuka kwa pauni.

Wapo watakaoniambia kwamba soko la hisa lilijirudi ndani ya siku chache. Ni kweli, zile kampuni 100 kubwa za London zilipona haraka. Lakini kampuni hizo huingiza sehemu kubwa ya mapato yao kwa fedha za kigeni, na dola ile ile ukiibadilisha sasa inaleta pauni nyingi zaidi. Kupona kwao kulikuwa ni kushuka kule kule kwa pauni, kumetazamwa kwa upande wa pili.

Siasa nazo. Saa mbili na kitu asubuhi David Cameron alitoka mbele ya mlango wa ofisi yake akatangaza kwamba ataachia uwaziri mkuu. Siku ile ile Nicola Sturgeon, kiongozi wa Scotland ambako asilimia 62 walitaka kubaki, akasema kura nyingine ya kujitenga sasa ina uwezekano mkubwa. Tarehe 28 wabunge wa Labour, chama kikuu cha upinzani wakati ule, wakamkataa kiongozi wao Jeremy Corbyn kwa kura 172 kwa 40, naye akakataa kuondoka. Tarehe 30 Michael Gove akamgeuka mwenzake Boris Johnson, na Johnson, aliyeongoza kampeni ya kutoka, akajitoa kwenye kinyang'anyiro cha uwaziri mkuu. Tarehe 4 Julai Nigel Farage, mpiga debe mwingine mkubwa wa kutoka, akajiuzulu uongozi wa chama chake. Hebu litazameni hilo. Walioshinda walitawanyika kabla ya wiki mbili kuisha, na usukani ukashikwa tarehe 13 Julai na Theresa May, ambaye mwenyewe alipiga kura ya kubaki.

Akapewa kazi ya kulitafsiri lile neno moja. Na ndipo tunapoweza kupima kama ninayowaambia ni kweli.

Tarehe 2 Oktoba May aliuambia mkutano wa chama chake kwamba ataanza safari ya kisheria ya kutoka kabla Machi haijaisha. Alitaja tarehe, njia hakuionyesha. Pauni ikaanza kuteremka, na muda mfupi baada ya saa sita usiku wa kuamkia tarehe 7, wakati London imelala na masoko ya Asia yako macho, ikazama chini ya dola 1.20 kwa dakika chache kabla ya kujivuta kurudi juu. Katikati ya Januari 2017, magazeti yalipokisia kwamba atatangaza kutoka kwa ukali, yaani bila kubaki kwenye soko la pamoja, ikashuka tena. Kisha tarehe 17 Januari akasimama na kusema wazi: tunatoka kwenye soko la pamoja, na Bunge litapiga kura juu ya mkataba wa mwisho. Sehemu ya kwanza ilikuwa habari nzito kwa biashara, ile ile iliyoogopwa siku zote. Pauni ikafanyaje? Ikapanda karibu asilimia 3, kupanda kukubwa kwa siku moja tangu 2008. Hatimaye watu walikuwa wamepata kitu cha kushika mkononi.

Walioumia ni kina nani? Uingereza inanunua nje sehemu kubwa ya chakula chake. Oktoba 2016 kampuni ya Unilever ilitaka kupandisha bei, Tesco, kampuni ya maduka makubwa, ikakataa, na kwa muda mfupi bidhaa za Unilever zikaadimika kwenye duka la mtandaoni la Tesco. Wakapatana. Lakini bei zilipanda hata hivyo: mfumuko uliokuwa asilimia 0.5 mwezi wa kura ulifika asilimia 3.1 Novemba 2017, na mishahara haikukimbia nao. Mama wa Sunderland aliyepiga kura ya kutoka kwa sababu mji wake ulisahauliwa miaka thelathini, na mimi siwezi kumlaumu kwa hasira ile, alilipia kura yake dukani, kikapu kwa kikapu.

Wengine walilipa wakiwa mbali zaidi. Nilikuwa nikimtumia mama yangu pauni 300 kila mwezi: matumizi yake, na ada ya mdogo wangu. Kabla ya kura pauni moja ilikuwa ikileta kama shilingi 3,200. Mwezi wa Julai ikaleta kama 2,900. Mama akanipigia. "Mwanangu, mbona mzigo umepungua? Kazini kuna tatizo?" Nikamwambia hapana mama, ni zile zile 300. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa mimi nimwambie nini mhasibu wa chuo?" Pungufu ilikuwa kama elfu tisini. Sikuwa na jibu.

Na serikali zetu pia ziliguswa. Julai ile ile Tanzania ilisema haitasaini mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Ulaya, na kutoka kwa Uingereza ilikuwa moja ya sababu zilizotolewa. Kenya haikuwa na nafasi ya kusubiri, kwa kuwa maua na mboga zake zingetozwa ushuru, wakati Tanzania kama nchi maskini zaidi ingeendelea kuingia bila ushuru. Tarehe 1 Septemba Kenya na Rwanda wakasaini, sisi tukabaki pembeni. Kura ya London ikawa imetia ufa Arusha.

Wazee hapa mnaikumbuka 1977. Jumuiya yetu ya kwanza ilipovunjika hatukupiga kura yoyote, lakini mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, na kugawana mali, ndege, reli na madeni, kukakamilika kwa makubaliano mwaka 1984. Miaka saba! Waliouandika mkataba wa Jumuiya ya sasa nadhani walikuwa na kumbukumbu hiyo. Ibara ya 145 inasema nchi ikitaka kutoka lazima bunge lake liridhie kwa theluthi mbili ya wabunge wote, kisha itoe notisi ya miezi 12. Uingereza iliamua kwa wingi wa kawaida tu, na notisi yake ya miaka miwili ikaongezwa mara tatu, kwa sababu Bunge lilikuwa likibishana bado juu ya maana ya neno. Januari 2019 mkataba wa May ulikataliwa kwa kura 432 kwa 202. Mwezi Mei akatangaza kuondoka, machozi yakimlenga. Johnson akaingia, akasimamisha Bunge, Mahakama ya Juu ikasema kwa sauti moja ya majaji wote 11 kwamba amevunja sheria, na Desemba akashinda uchaguzi kwa wingi wa viti 80. Usiku wa matokeo hayo pauni ilipanda ghafla.

Uingereza ilitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, saa tano usiku. Wengine walisherehekea barabarani na bendera, wengine walikaa majumbani kimya. Mimi nilichukua simu, kwa mazoea, nikatazama bei. Pauni haikutikisika. Ilikuwa takriban dola 1.32, pale pale nilipoiacha alfajiri ile ya Juni miaka mitatu na nusu nyuma.

Sasa karibuni maswali. Naona mzee pale ameshanyoosha mkono.