Dalili, Ndege na Nuksi: Maneno Yanayotangulia Matukio

Mabibi na mabwana, walimu wenzangu na wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie maneno tunayoyatumia pale tunapodai kwamba jambo ambalo bado halijatokea limekwisha kujitambulisha. Kiswahili kina maneno mengi ya namna hiyo: dalili, ishara, fali, ndege, nuksi, mkosi, kisirani na mengineyo. Sitayapitia yote. Ninalotaka kulieleza ni kwamba maneno haya hayalingani: kila moja hudai uhusiano wa aina yake kati ya kinachoonekana sasa na kitakachokuja baadaye, na tunapoyachanganya wapo watu wanaoumia.

Nianze na dalili. Methali inasema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na inasema kweli, kwa sababu mawingu na mvua ni jambo moja linaloendelea. Wingu tunaloliona ndilo litakalonyesha. Ndivyo tunavyosema pia kuhusu ugonjwa. Homa, kutetemeka na maumivu ya kichwa ni dalili za malaria kwa kuwa vimelea vimekwisha kuingia mwilini na vinafanya kazi yake. Kwa hiyo dalili hupimwa, na inaweza kukanushwa: mgonjwa huchukuliwa damu, akaonekana hana malaria, na tabibu akatafuta sababu nyingine bila ya mtu yeyote kulaumiwa.

Wazee wetu walilijua hilo vizuri sana, na ushahidi wake ni methali hii ya wakulima na mabaharia: "Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua." Kilimia ni kile kishada cha nyota ambacho jina lake limetokana na kulima. Kuelekea mwezi Mei, masika yakiwa bado hayajakatika, kilimia huonekana chini kabisa upande wa magharibi mara baada ya jua kutua, kisha hupotea katika mwanga wake kwa wiki kadhaa, hadi mwezi Juni kinapochomoza tena alfajiri upande wa mashariki, upepo wa kusi ukiwa umekwisha kushika. Aliyetunga methali hii hakupiga ramli. Nyota hazileti mvua wala hazizuii, lakini mwendo wake na majira ya mvua hufuata mwaka mmoja, na mtu aliyeangalia mbingu kwa miaka mingi akakumbuka alichokiona anaweza kusoma kimoja kwa kukitazama kingine. Mimi nayaona maarifa hayo kuwa ndugu wa kazi inayofanywa leo na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ambayo mwezi Mei 2024 iliwatahadharisha watu wa pwani kuhusu kimbunga Hidaya kabla hakijafika Mafia. Kazi hiyo tunaiita utabiri, neno ambalo asili yake katika Kiarabu ni kufasiri ndoto. Neno limehama kutoka kwa mfasiri wa ndoto hadi kwa mtaalamu wa mawingu, na limehama kwa haki, kwa sababu huyu wa pili hueleza njia aliyoipita.

Sasa tuje kwenye ndege. Katika Kiswahili cha pwani, ndege ni kiumbe mwenye mbawa, na pia ni ishara ya jambo litakalomfika mtu, hasa anapoanza safari au shughuli. Sarufi yenyewe inatenganisha maana hizo mbili. Ukimwambia msafiri kwamba umeona ndege mwema, atainua macho kumtafuta mtini. Ukimwambia kwamba amepata ndege njema, atafunga mzigo wake na kuondoka kwa moyo mkunjufu. Waarabu nao walilitoa neno lao la mkosi, tiyara, katika mzizi wa kuruka kwa ndege, na Warumi wa kale walikuwa na makuhani wa kuangalia ndege kabla ya mambo ya dola kuamuliwa. Ndege ya namna hii haina kipimo. Kiganja kikiwasha utapata fedha, jicho la chini likicheza utalia, ukijikwaa kizingitini rudi ndani: haya yote hukaa katika kundi hili, na mengi hayana madhara zaidi ya kumchelewesha mtu.

Hapa inafaa kukumbuka hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume Muhammad anaikana tiyara, kisha anasema kwamba humpendeza fali. Na alipoulizwa fali ni nini, alijibu kuwa ni neno jema. Kiswahili kimelipanua neno hilo hata tukawa na fali njema na fali mbaya, lakini naamini maana ile ya kwanza ingetufaa zaidi, kwa sababu inamtia mtu moyo bila kumfunga.

Kundi la tatu ndilo linalonisumbua, nalo ni la nuksi, mkosi na kisirani. Tunasema dalili zipo, tunasema mtu amepata ndege mbaya, lakini nuksi tunamvika mtu: fulani ana mkosi, fulani ni nuksi, mwanamke yule tangu aolewe nyumba haina heri. Ishara imekuwa sababu, na sababu imepewa uso na jina. Mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini aliitwa kigego, na katika baadhi ya jamii zetu, pwani na bara, watoto hao walitupwa au kuuawa ili ukoo usalimike. Kuota meno kwa utaratibu usio wa kawaida ni tofauti ya kimaumbile tu, kama watoto wanavyopishana katika kutambaa na kusema, na halitangulii jambo lolote. Bundi naye amepata fungu lake. Akilia juu ya paa watu husema msiba umekaribia, wakamrushia mawe, ilhali amefuata panya waliofuata nafaka iliyowekwa ndani. Kwa hakika bundi ni dalili: ni dalili ya panya.

Ndiyo maana ninayo haja kwa wenzangu wanaotunga na kuhariri kamusi. Mnapoyaingiza maneno kama kigego au chimvi, msiandike kwamba ni mtoto anayeleta mkosi, mkaishia hapo. Andikeni kwamba ni mtoto ambaye baadhi ya watu waliamini, au wangali wanaamini, kuwa huleta mkosi. Maneno hayo machache ya nyongeza hayachukui hata mstari mzima, na mwanafunzi atakayefungua ukurasa huo huenda ana mdogo wake nyumbani aliyeanza kuota meno ya juu.