Ushuru Uliisha, Ghafla Ndiyo Imebaki

Mnanisikia huko nyuma? Sawa. Leo ni biashara ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na mipaka inayofungwa ghafla. Tuanzie Marikiti, soko la Wakulima hapa Nairobi, maana nikianza na ubao mtalala. Saa kumi na moja asubuhi malori yanashusha, utaona nyavu za vitunguu vyekundu, vile vigumu, maganda yanalia kama karatasi ukivishika. Vingi ni vya Mang'ola, huko Karatu, Tanzania, vimepitia mpakani Namanga. Kuna mama hapo amenunua kwa mkulima mmoja miaka mingi na hawajawahi kuonana, ni simu tu. Mimi hiyo ndiyo naita jumuiya, si ile bendera.

Sasa forodha ya pamoja ilianza 2005, soko la pamoja 2010, kitunguu kikiwa na cheti cha kilikotoka hakilipi ushuru. Nikamuuliza yule mama, si basi ujenge stoo, uweke mzigo ungoje bei ipande? Akacheka. "Mwalimu, na wakifunga mpaka je?"

Na hakuwa anabahatisha. 2017 Tanzania ilichoma vifaranga 6,400 vya kutoka Kenya, eti mafua ya ndege. Machi 2021 ikawa zamu yetu Kenya, tukazuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye nafaka, na sumukuvu inaua, hapo sitanii, lakini barua imetoka leo na lori liko njiani tangu jana, dereva afanye nini? Siku chache baadaye tukafungua kwa masharti. Wazee hapa wanakumbuka 1977, ile jumuiya ya kwanza ikavunjika na Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983.

Wachumi tunapenda kusema soko kubwa linaleta viwanda. Ni kweli, lakini hakuna mtu anajenga kiwanda kwa sababu ya soko la wiki hii, anaangalia miaka kumi na tano mbele. Kama hujui msimu ujao kutakuwaje utabaki na biashara ya lori moja moja, pesa inazunguka lakini haitagi. Kwa hivyo mkiniambia soko huria la Afrika, lile la Kigali 2018, mi nawarudishia swali la yule mama.

Sisemi mpaka usifungwe, ugonjwa ukija funga. Ila mzigo upimwe palepale Namanga, lori lililotoka kabla ya barua likiwa safi lipite, na tangazo liandikwe tarehe ya kuangalia upya. Hiyo nayo inataka mkutano wa siku tatu Arusha, kwenye makao ya jumuiya?

Haya, maswali. Mzee hapo mbele, nimeona mkono.