Mnaoniuliza Lini Naacha Boksi, Mjueni Frank Delaney

Haya ndugu zangu, kila video swali ni lile lile: "Dada, lini unaacha kubeba boksi uishi kwa video na vitabu?" Leo najibu. Boksi langu, yaani kibarua cha ughaibuni, ni kutunza wazee. Nikitaja hela msiseme najisifu, nikitaja makaratasi msiseme nalia. Mmeuliza wenyewe.

Huku Ireland alikuwepo bwana mmoja, Frank Delaney, mzaliwa wa Tipperary, 1942. Wenyeji wanamkumbuka kwa riwaya na kwa sauti yake redioni. Mimi nampendea benki! Aliingia Bank of Ireland mwaka 1961, akang'ang'ana na mshahara wa karani miaka kama kumi na moja, ndipo akaenda RTÉ, redio na televisheni ya taifa ya Ireland, kusoma habari. Baadaye akairipotia BBC machafuko ya Ireland Kaskazini. Kitabu chake cha kwanza, kuhusu mji wa Dublin wa mwandishi James Joyce, kilitoka 1981, mwenyewe anakaribia arobaini. Riwaya zikafuata baada ya hapo. Sasa mimi niache shifti kwa sababu video moja imesambaa?

Kinachoniuma ni hiki. Mwaka 1978 alihamia London, akaanzisha kipindi cha vitabu cha Bookshelf, BBC Radio 4, akahoji waandishi zaidi ya elfu moja. Kibali cha kazi aliomba wapi? Hakuomba. Waireland na Waingereza wana makubaliano yao, unavuka tu unatafuta kazi. Kibali changu kina mwajiri mmoja na kazi moja, kutunza wazee. Kadi ya ukaazi ni euro 300, na ukiihuisha unalipa tena. Mara iliyopita uhamiaji waliichelewesha mpaka ya zamani ikaisha muda, nikashindwa kusafiri, mdogo wangu akaolewa Morogoro mimi naangalia kwenye simu. Na kamati ya harusi ikanipangia mchango kumzidi baba mdogo mwenye maduka! Eti niko Ulaya. Tuyaache.

Mwaka 2002 Delaney akahamia Marekani, na 2005 riwaya yake iitwayo "Ireland" ikaingia kwenye orodha ya vitabu vinavyouzika zaidi ya New York Times. Kuanzia 2010 akawa kila wiki anatoa podikasti fupi, anaichambua Ulysses, riwaya ndefu na ngumu ya Joyce, sentensi kwa sentensi, msikilizaji halipi kitu. Alifariki Connecticut mwaka 2017 hajaimaliza. Watu wanapenda kunitumia hadithi hiyo: "Ona, mwenzio alifanya kwa mapenzi." Alifanya, ndiyo, akiwa na vitabu vinavyouzwa na miongo ya redio nyuma yake. Mimi nyuma yangu kuna mkopo wa nauli.

Lakini hayo ni yangu. Mwenye uraia, au ambaye mwenzake analipa pango, apige hesabu yake, asije kunitukana huku chini. Na wewe uliyeandika kwamba mimi ni mwoga: pango langu ni tarehe moja, nikutumie namba ya akaunti?